Taa ya Buluu Niliyoifunika kwa Tepu

Ilikuwa saa tatu na dakika kumi na saba asubuhi, siku ya Jumatatu, nilipobonyeza neno la kukubali kwenye kamera yangu mpya bila kusoma mstari uliokuwa chini yake. Naijua saa hiyo kwa sababu niliiandika. Mimi huandika kila kitu. Na pamoja na kuandika kwangu kote nimemkosea mtu aliyekuwa akiniamini, na kosa ni langu mimi, si la kamera wala la duka lililoniuzia.

Nakueleza wewe usiyenijua, maana wanaonijua hawataki jambo hili litajwe tena.

Mimi ni mwanamke wa miaka arubaini na saba, mkaazi wa Likoni, upande wa Bofu. Shule niliachia darasa la saba. Kushona nilijifunza kwa kufumua nguo kuukuu na kuzishona upya. Kiingereza nilijifunza kwa kamusi. Kupiga picha nilijifunza kwa kamera niliyonunua kwa mzee mmoja aliyekuwa akifunga studio yake. Hakuna aliyenifundisha, kwa hivyo nikajizoesha jambo moja: sikiamini kitu mpaka nikijaribu, na nikikijaribu nakiandika daftarini.

Picha zangu ni za kupamba. Ikiwa hujawahi kuhudhuria, kupamba ni sherehe ya harusi ya wanawake peke yao. Bi harusi huketi jukwaani nywele wazi, hina imepanda mpaka viwikoni, na wageni huvua mabuibui wakacheza kwa raha zao. Mwanamume haingii. Simu haiingii. Kila simu hubaki mlangoni ndani ya kikapu, na kamera inayoingia ni moja tu, yangu.

Mwenye kikapu alikuwa Mishi. Hilo si jina lake, lakini waliokuwepo watamjua. Kwa miaka minne tulifanya kazi pamoja, yeye na kikapu chake mlangoni, mimi na kamera yangu ndani. Alikuwa na maneno ambayo wageni waliyangojea kama sehemu ya sherehe.

"Simu kikapuni, bibi. Usinitolee macho, macho hayapigi picha!"

"Mishi, mimi ni shangazi wa bi harusi."

"Basi weka mbili, shangazi. Najua ya pili umeifutika wapi, na nina mkono mrefu."

Watu walicheka, na simu zikatoka. Hakuna picha iliyowahi kuvuja mlangoni kwa Mishi. Hiyo ndiyo iliyokuwa rasilimali yake: jina lake. Mume hana, ana watoto watatu, na kila harusi alilipwa shilingi elfu moja na mia tano.

Sasa nirudi kwenye kamera. Ile kuukuu ilikufa wiki moja kabla ya harusi ya binti wa Bi Zainabu. Nikaagiza mpya kwa duka la mtandaoni, shilingi elfu hamsini na nne, akiba yangu ya miaka miwili. Ikafika Jumatatu, imefungwa vizuri, haina mkwaruzo. Nilipoiwasha ikataka simu, ati ishike saa na tarehe kutoka kwenye simu. Simu yangu ilikuwa imejaa, haikubali kuongezwa kitu.

Ndugu yangu Athumani alikuwapo. Ni mdogo wangu wa mwisho, baba wa watoto wawili, anaendesha tuktuk. Kila asubuhi hupita kwangu kunywa chai, na mara nyingi alasiri pia.

"Chukua yangu," akasema. "Lakini usinisomee mambo yangu."

"Una mambo gani wewe, zaidi ya kudaiwa mafuta?"

Tukaiweka ile programu ya kamera kwenye simu yake. Kamera ikauliza la kwanza, nikakubali. Ikauliza la pili, nikakubali. La tatu lilikuwa na mistari miwili, na chai ilikuwa inapoa. Nikakubali.

Saa ikajishika sawasawa. Nikaandika: "Kamera na simu zimejuana. Saa sahihi." Nilidhani zimesalimiana tu, kama wageni wawili mlangoni, kisha kila mmoja ameshika njia yake.

Yalaiti ningesoma ule mstari!

Jumanne asubuhi niliichukua kamera kutoka kabatini. Betri niliijaza usiku uliotangulia, kamera nikaizima kwa mkono wangu. Sasa ilikuwa imebaki nusu.

Kifaa kilichozimwa hakili umeme. Hilo nililijua. Basi nikaanza kutafuta ubovu kwa utaratibu wangu. Nikasafisha vichwa vya betri kwa pamba na spiriti. Nikabadilisha soketi ya umeme. Nikaitoa betri na kuiweka mezani kwa muda wa saa nane: haikupungua. Nikairudisha ndani ya kamera, imezimwa: ikapungua. Kwa hivyo betri ilikuwa nzima, na mlaji alikuwa ndani ya kamera.

Nikaliandikia duka lile kupitia mtandao wao. Nikajibiwa papo hapo: "Asante kwa kuwasiliana nasi. Je, umejaribu kuchaji betri?"

Nikajibu kwamba nimeichaji, na tatizo ni kwamba inakwisha kamera ikiwa imezimwa.

"Tunafurahi kukusaidia. Je, umejaribu kuiwasha?"

Sijui kama nilikuwa nikizungumza na mtu. Mwishowe wakanipa ruhusa ya kuirudisha ndani ya siku saba. Lakini harusi ilikuwa Jumamosi, nami nilikwisha pokea nusu ya malipo kwa Bi Zainabu. Nikasema nitairudisha baada ya harusi. Nikanunua betri ya pili.

Jumatano niliipiga picha meza, nikaupiga ukuta, nikazipiga sufuria zangu zote kujaribu mwanga hafifu. Athumani akaingia nikiwa katika sufuria. Alhamisi alipokuja kunywa chai akasema, "Dada, mbona wanitumia picha za sufuria? Ndiyo kusema nisile tena hapa?"

Nikacheka. Nilidhani ananitania kwa kuwa alinikuta nimepiga magoti mbele ya sufuria jana yake. Nikamjibu, "Ukielewa, lete mchele."

Naye akacheka, akanywa chai, akaenda zake. Maneno yale yalikuwa jibu la swali langu lote, na yalikaa mezani kwangu muda wa kikombe kizima cha chai.

Alasiri ya siku hiyo hiyo ndipo nilipoiona taa. Kamera ilikuwa juu ya cherehani, imezimwa. Ubavuni ina kitundu kidogo kama kichwa cha sindano. Kitundu kile kikawaka rangi ya buluu, kikazima, kikawaka, kikazima, polepole, kama kitu kinachopumua. Nikasimama nikikitazama. Mwili ukanisisimka, wallahi, ingawa mimi si mtu wa kuogopa vifaa.

Nikaandika: "Taa ya buluu, yenyewe, saa kumi na dakika tano. Imekoma saa kumi na dakika ishirini na mbili." Ijumaa ikawaka tena, asubuhi na alasiri. Nikaandika. Daftari langu lilikuwa na safu ya saa, safu ya betri, safu ya joto la chumba, hata safu ya kuonyesha kama umeme ulikatika.

Sikuwa na safu ya watu waliokuwa nyumbani. Ningekuwa nayo ningeona jina moja limejirudia kila taa ilipowaka. Athumani alikuwa ameketi hatua nne kutoka kwangu, simu mfukoni, anachovya mkate.

Sasa sikiliza nilichofanya. Nilijua wanawake wakiona taa inayowaka wataniuliza inafanya nini, nami sikuwa na jibu. Ijumaa jioni nikachukua tepu nyeusi ya mafundi wa umeme, nikakata kipande, nikakibandika juu ya ile taa. Sikuitibu. Nililifumba tu jicho lake.

Jumamosi kupamba kulikuwa katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Shika Adabu, baada ya alasiri. Athumani alinipeleka na taa zangu kubwa, akaegesha tuktuk nje, kwenye kivuli cha ukuta wa ukumbi, pamoja na madereva wengine wanaongoja wageni.

Mishi aliiona tepu mara moja.

"Shoga, kamera yako imeumia? Naona umeifunga bandeji."

"Ina taa yanisumbua."

"Taa ya nini?"

"Sijajua bado."

"Wewe hujui? Basi leo kiama!" Akacheka, akanipisha. Angekuwa mtu mwingine yeyote amekuja na kitu chenye taa isiyojulikana, Mishi angemzuia pale pale. Mimi alinipisha kwa sababu ni mimi.

Ndani palijaa. Udi, asmini, ngoma, vigelegele. Binti wa Bi Zainabu alikuwa amependeza kupita maelezo. Nikaanza kupiga. Baada ya muda nikahisi kamera imepata joto mkononi, joto kama la kikombe cha chai. Kabla ya saa moja kutimia betri ya kwanza ikaisha. Nikaigeuza kubadilisha, na pembeni mwa tepu, pale ilipokuwa haikushika vizuri, nikauona ule mwanga ukipenya. Haukuwa wa polepole tena. Ulikuwa wa haraka, haukomi.

Ningeweza kusimama hapo. Ningeweza kumwambia Bi Zainabu, "Mama, kifaa hiki kinafanya kitu nisichokijua, naomba tuache." Ningeona haya mbele ya wanawake mia mbili, basi.

Nikaikandamiza tepu kwa kidole gumba. Nikatia betri ya pili. Nikaendelea.

Mwisho wa sherehe nilifanya kama ninavyofanya siku zote. Mbele ya mama wa bi harusi nikaitoa kadi ya picha, nikaifunga ndani ya kitambaa cheupe, nikampa mkononi mwake. Kadi hulala kwake, na picha husafishwa siku nyingine yeye akiwa ameketi ubavuni mwangu. Utaratibu huo niliubuni mwenyewe na niliuonea fahari.

Jumapili saa moja na nusu asubuhi simu yangu ikalia. Bi Zainabu hakunisalimia.

"Picha ya mwanangu iko mitaani."

Nilipofika kwake nikaonyeshwa. Ilikuwa imezunguka katika kundi la madereva, mpwa wa bwana harusi akaiona, na kutoka kwake ikafika kwa bwana harusi mwenyewe. Bi harusi amecheka, kichwa nyuma, nywele zimemwagika begani, mikono mitupu. Nyuma yake dada zake wawili wanacheza bila mtandio.

Watu waliona bi harusi. Mimi niliona pahali niliposimama. Picha ile ilipigwa kutoka juu ya kiti cha plastiki, kushoto mwa jukwaa, na hakuna mwingine aliyepanda juu ya kiti siku ile. Ilikuwa picha yangu.

Ilitokaje? Wakati huo sikujua. Hilo ni kweli, na ndiyo kweli ya mwisho ninayoweza kujitetea nayo.

Baada ya adhuhuri tukaitwa sote wawili sebuleni kwa Bi Zainabu, mimi na Mishi. Alikuwapo pia shangazi wa bwana harusi, mwanamke mkali, hakugusa juisi aliyowekewa.

"Mishi," akaita Bi Zainabu.

"Abee."

"Simu gani iliingia ndani?"

Mishi akainama. Nilitegemea aseme hakuna. Akasema, "Moja, mama. Bibi mmoja mtu mzima, mwanawe amelazwa, angoja habari. Nikamhurumia. Lakini ilikuwa kabambe, ile ya tochi. Haina hata kamera, naapa."

"Kabambe!" Shangazi akapiga makofi mara moja. "Sikieni! Mlinzi mzima afungua mlango kisha atuambia mwizi aliyeingia ni mdogo!"

"Naapa, mama. Niliishika kwa mkono wangu."

"Ulishika moja. Ulizoacha kushika je?"

Kisha Bi Zainabu akanigeukia mimi. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo bado naukumbuka.

"Na wewe, mwanangu? Kamera yako?"

Nikasema, "Mama, kadi yangu haijatoka. Iko ndani ya kitambaa chako, fundo ni lile lile. Kamera yangu haina kadi nyingine."

Kila neno lilikuwa kweli. Bi Zainabu akaenda, akaleta kitambaa, akakifungua mbele yetu. Kadi ilikuwamo. Shangazi akatikisa kichwa kunikubali. Kisha macho yote yakarudi kwa Mishi, na hapo ndipo nilipomzika rafiki yangu kwa maneno ya kweli matupu. Sikusema kwamba picha ile ilipigwa kutoka kwenye kiti changu. Hakuna aliyeniuliza hilo, nami sikujibu nisichoulizwa.

Nilipofika nyumbani nilifungua kijitabu cha maelezo ya kamera, nikakisoma chote, neno kwa neno, na kamusi pembeni. Saa tisa na robo nikaufikia. Mstari mmoja tu: kamera, ikishakubaliwa na simu, itaitumia simu hiyo picha zote zenyewe, zinapopigwa, na hata baada ya kamera kuzimwa, maadamu simu iko karibu; ikiwa mbali, itaendelea kuitafuta.

Nikampigia Athumani. Akaja. Simu yake ilikuwa na picha mia moja na sabini na moja. Sufuria zangu zilikuwa za kwanza.

"Sikuzifungua, dada," akasema, uso umemshuka. "Nilisikia simu yalialia, nikaona sura za wanawake, nikaizima kioo. Kisha mwenzangu mmoja chaji ilimwishia, akaniomba apige simu. Nikampa. Alikaa nayo kitambo."

"Alituma ngapi?"

"Moja. Nimemuuliza. Asema ni mzaha."

Kisha akauliza, "Dada, twende tukaseme?"

Nikaitazama ile simu. Nilikuwa na harusi sita kwenye kalenda. Nikawaza nani ataniita tena ndani ya ukumbi wa wanawake, akijua kamera yangu ilikuwa ikimwaga picha mfukoni mwa mwanamume nje ya ukuta. Nikawaza pia mdogo wangu, na shemeji za yule binti watakavyomfanya.

"Futa," nikamwambia. "Zote. Na unyamaze."

Akafuta moja moja, mimi nikihesabu. Kisha nikaingia kwenye kamera, nikaliondoa jina la simu yake. Nikabandua tepu. Taa haikuwaka tena. Betri ilikaa imejaa wiki nzima. Nilikuwa nimeutibu ubovu, na nikaandika hivyo daftarini: "Imepona."

Lo! Mtu aweza kuandika neno hilo na mkono usitetemeke.

Wiki zikapita. Bwana harusi alimchukua mkewe, lakini nasikia yule binti hakutoka nje ya mlango mwezi mzima. Mishi hakuitwa tena. Harusi sita zilipita na mlangoni alisimama mwanamke mwingine, na ndani nilikuwa mimi na kamera ile ile. Kisimani wanawake wakamzulia Mishi msemo. Akipita na ndoo tu, mmoja atasema, "Mishi, kikapu chavuja!" na wenzake wataitikia kwa kicheko. Mwanawe mkubwa alipigana shuleni kwa ajili ya neno hilo.

Nilikuwapo siku moja walipomtania. Nikajifanya nahesabu ndoo zangu.

Kisha akaja kuniaga. Anahamia Junda, Kisauni, kwa dadake, maana huku kwetu hakukaliki tena. Alisimama mlangoni, hakutaka kuketi.

"Shoga, nisamehe," akasema. "Miaka yote ulifanya kazi safi, mimi nikaja kukuharibia. Yule bibi nilimhurumia, lakini labda kuna simu nyingine iliyonipita. Kila siku nazihesabu kichwani, hazitimii."

Alikuwa ananiomba radhi mimi!

Nikamwambia, "Mungu akufanyie wepesi." Hayo ndiyo niliyoweza. Nilifunga mlango.

Ilinichukua siku kumi na mbili kuvuka feri. Nilimkuta Junda, kando ya njia, anakaanga viazi karai, uso umesawijika kwa moshi. Akafurahi kuniona. Akafuta kibao kwa leso yake niketi.

"Karibu, fundi! Leo umekuja kupiga picha viazi?"

Nikamweleza. Nilianza na Jumatatu, saa tatu na dakika kumi na saba, nikafuata mpangilio wangu mpaka mwisho. Kiazi kiliungulia karaini, hakukitoa.

"Kwa hivyo simu hazikunipita," akasema.

"Hazikukupita. Hata moja."

"Hesabu yangu ilikuwa sawa."

"Ilikuwa sawa."

Kisha akauliza jambo moja, taratibu. "Wewe ulijua lini?"

"Jumapili ile ile. Saa tisa na robo."

"Uliandika?"

Nikasema niliandika.

Akachukua mwiko, akakitupa kile kiazi kilichoungua, akatia kingine. "Mimi nikikesha nahesabu simu, wewe una saa na dakika daftarini." Hakupaza sauti. Ningetamani apaze. "Wewe ni mtu wa kuandika. Basi kaandike. Pale Likoni waone jina langu limesafishwa, kabla mwanangu hajaumizwa. Mimi kwako sina neno lingine."

Siku iliyofuata nilienda kwa Bi Zainabu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nikamwambia yote, na daftari nikaliweka mezani. Akalisoma mpaka ukurasa wa mwisho. Kisha akalifunga.

"Jambo hili limekwisha lala," akasema. "Mwanangu ndiyo kwanza aanza kutoka. Nikimsafisha Mishi, nitawakumbusha watu ile picha. Nenda, na usiwaambie wengine."

Ndiyo maana naandika hapa, mbele ya watu wote, na jina langu nimelizuia, na majina mengine nimeyabadilisha, kwa ajili ya yule binti, si kwa ajili yangu. Yeyote aliyekuwa katika ukumbi ule alasiri ile ajue: kikapu hakikuvuja. Mwanamke wa mlangoni alishika kila simu aliyopaswa kushika, na ile moja aliyoiruhusu haikuwa na kamera. Picha ilitoka kwangu. Ukimsikia mtu anamtania, mnyamazishe.

Nawe unayenunua kamera, au kifaa chochote kinachotaka kujuana na simu ya mtu, soma kila mstari kabla ya kukubali. Uliza ni simu ya nani, na kifaa kitaacha kuitumia lini. Ukiona kifaa kinafanya jambo usiloliagiza, usikiingize penye siri za watu. Zima, ondoka, ukubali aibu ya siku moja. Na ukishajua kosa ni lako, sema siku hiyo hiyo. Usijifiche nyuma ya maneno ya kweli kama nilivyofanya.

Athumani haji tena kunywa chai. Mwenzake aliyeituma picha bado yuko pale pale stendi, na mdogo wangu amehamia stendi nyingine. Mimi sipigi tena. Kamera imo ndani ya boksi lake, na siwezi kuirudisha dukani, maana siku saba zilipita zamani na haina ubovu wowote.

Hesabu ni hii. Kamera, elfu hamsini na nne. Malipo ya awali niliyowarudishia wateja watatu nilipoacha kazi, elfu kumi na nane. Harusi sita alizokosa Mishi, elfu tisa, zimo ndani ya bahasha. Nimempelekea mara mbili na mara mbili ameirudisha bila kuifungua. Jumla, shilingi elfu themanini na moja.